Bumu limeingia, lakini kamera hiyo usiinunue

Najua nimeadimika. Wiki tatu sijaandika hata mstari, mara majaribio ya kati, mara mafua, mara uvivu tu. Leo Ijumaa usiku nipo kitandani hosteli huku Tunguu, feni linanguruma kama boti la Pemba, na mwenzangu wa chumbani hanisemeshi tangu jana. Hanisemeshi kwa ajili ya kamera.

Kisa chenyewe hiki. Bumu limeingia Jumanne. Jumatano jamaa kaniletea simu yake puani: "Hebu itazame hii." Kuitazama, Canon AE-1, ile ya mikanda, inang'aa kama sufuria jipya, ina lenzi tatu na mkoba wa ngozi, muuzaji yuko Dar. Bei yake karibu nusu ya bumu zima. Akaniuliza mie kwa sababu hapa hosteli najulikana kama yule wa mikanda. Nikamwambia usinunue. Akanikazia macho, akasema: "Weye unayo, ndo maana." Basi mpaka sasa hivi tunapishana mlangoni kama watu wa mitaa miwili.

Najua hayuko peke yake. Tangu picha za mkanda zirudi kuwa fasheni, kila ninayekutana naye anataka kamera ya zamani. Kwa hiyo nayaandika hapa niliyoshindwa kumwambia kwa upole juzi. Ni maoni yangu mie, siyo hukumu ya kadhi.

AE-1 si kamera mbaya. Ilitoka mwaka 1976 na imewafundisha watu wengi duniani. Lakini ni kamera ya umeme. Betri ikifa, shata haifyatuki kabisa, unabaki umeshika jiwe. Betri yenyewe ni ile ndogo ya volti 6, na mie sijawahi kuikuta dukani Darajani, labda wewe una bahati zaidi. Halafu nyingi kati ya hizo zimeanza kukohoa. Ukibonyeza, ndani kunalia kama mtu mwenye pumu, maana mafuta ya gia za kioo yameshakauka. Inatengenezeka, lakini na nani, na kwa pesa gani? Bumu limeshakwisha hapo.

Na nasema haya kwa sababu mie mwenyewe nilishaliwa. Kamera yangu ya kwanza niliinunua hivyo hivyo, kwa picha ya kwenye simu, kwa mtu nisiyemjua. Ilipofika nikaona kila kitu kizuri. Nikapiga mkanda mzima, picha zikatoka kama nimezipiga ndani ya wingu la mvuke. Fundi mmoja mzee akaichukua lenzi, akawasha tochi ya simu, akaimulika kwa nyuma, akanionesha: ndani ya vioo kulikuwa na nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Kuvu. Hali yetu ya hewa hii, chumvi na unyevu, kuvu huota ndani ya lenzi kama inavyoota kwenye viatu vya ngozi ukivisahau kabatini wakati wa masika. Ikikaa muda mrefu hula hata rangi ya kioo, na hapo usafishe usisafishe ni bure.

Kwa hiyo ukitaka kununua, nunua unayoweza kuishika. Nenda na tochi, mulika lenzi. Fungua mgongo wa kamera, weka shata kwenye sekunde moja, fyatua, hesabu: lazima ikae wazi kama muda wa kusema "elfu moja na moja". Kisha ipandishe mpaka 1/1000 na uitazame mbele ya taa, uone mwanga unapita. Bana kidole kwenye ile sponji nyeusi ya pembeni mwa mlango. Ikikuachia lami kidoleni, ujue mwanga utaingia na picha zitaungua kwenye ncha. Hilo lakini si kosa kubwa, hata uzi mweusi wa sufi unaziba. Na lenzi moja inatosha. Milimita 50, basi. Hizo lenzi tatu za kwenye tangazo mbili zitakaa mkobani zikiota hicho kitu nilichokwambia.

Ukiniuliza ya kutafuta, ni kamera isiyohitaji betri ili ifyatue: Pentax K1000, Nikon FM2, Zenit nyingi za Warusi, Praktica nyingi za Wajerumani. Hizo betri yake ni ya kupimia mwanga tu, na Zenit-E haina hata hiyo. Na usidharau Praktica, kwa hapa kwetu ina historia. Zanzibar na Ujerumani Mashariki walishikana mikono mwaka 1964, mara tu baada ya Mapinduzi, na majumba yao si yale pale Kikwajuni mpaka leo? Watu wakaenda kusoma huko, wakarudi na walichoweza kubeba. Mjomba wangu alirudi miaka ya 80 na vitu viwili, tabia ya kunywa chai bila sukari na Praktica MTL 3 iliyotoka kiwanda cha Dresden. Chai ameacha. Kamera ilikaa kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda, imefungwa ndani ya kipande cha khanga pamoja na karafuu kavu. Kama karafuu zinazuia kuvu mie sijui, lakini lenzi ilikuwa safi kabisa. Kipima mwanga chake kilishakufa. Ndiyo ninayotumia hadi leo. Kwa hiyo kabla hujamtumia pesa mtu wa Dar, waulize kwanza wazee wako nini kipo chini ya vitanda vyao.

Haya, sasa jambo ambalo ndilo lililonifanya nimjibu mwenzangu kwa ukali.

Mwaka juzi, Mwaka Kogwa, nilikwenda Makunduchi kwa bibi yangu. Nilikuwa na Praktica, nilikuwa na mkanda mmoja mpya wa picha 36. Watu walikuwa uwanjani wanapigana kwa migomba na kibanda kinachomwa moto, watalii wamejaa, na mie nikasema sitapiga hayo, kila mtu anayo hayo. Nikabaki nyumbani na bibi. Nilimpiga akisuka ukili kwenye kizingiti. Nilimpiga akinichekea, maana alikuwa anasema kamera ile anaikumbuka, mjomba alikuwa akiitembeza shingoni kama daktari. Nilimpiga mikono peke yake. Simu nilikuwa nayo mfukoni, lakini nilijiona mpiga picha, sikuitoa hata mara moja.

Namba ikafika 36. Nikavuta, ikaenda 37. Nikavuta, 38. Nikafurahi, nikadhani nimepata picha za bure! Ilipofika 41 ndipo moyo ukaanza kunidunda. Nikaingia chumbani, nikajifunika blanketi, nikafungua. Ule ulimi wa mkanda ulikuwa umechomoka kwenye roli ya upande wa kulia. Mkanda wote ulikuwa ndani ya kopo lake kama nilivyoununua. Sikupiga picha hata moja siku ile. Nilikuwa nabonyeza kitufe mbele ya bibi yangu.

Sikumwambia. Nilisema nitarudi Disemba. Bibi alifariki mwezi wa Oktoba.

Tulipotaka picha ya kuweka ukumbini, iliyopatikana ni ya kitambulisho, amekunja uso kwa sababu aliambiwa asicheke.

Sasa niambieni, AE-1 ingenisaidia nini? Hata Leica isingenisaidia. Ukipakia mkanda wako, ingiza ulimi, vuta mara moja na mlango wazi uone meno yameshika matundu ya pande zote mbili. Funga. Kisha zungusha taratibu kile kitufe cha kushoto cha kurudishia mkanda mpaka kikaze. Halafu vuta na fyatua mara mbili, na kila ukivuta kitazame kitufe hicho hicho: lazima kizunguke chenyewe. Kikizunguka, mkanda unatembea. Kisipozunguka, simama hapo hapo, hata kama anayekusubiri mbele ya lenzi ni Rais. Ni sekunde tano. Jambo hili halimo kwenye tangazo la muuzaji yeyote, na ndilo lililonigharimu zaidi kuliko ile kamera yenye kuvu.

Ndo maana nasema pesa ya bumu iende kwenye mikanda, siyo kwenye kamera. Mkanda mmoja siku hizi ni bei ya biriani kadhaa pale Lukmaan, na ili ujifunze unahitaji si chini ya mikanda mitano sita ya kuharibu. Yes, kuharibu. Anayenunua kamera ya bei kubwa hubaki na mkanda mmoja, anauogopa, anauweka kwa ajili ya "picha nzuri", na unakaa ndani ya kamera miezi minane kwenye joto hili mpaka rangi zinageuka. Mtu wa hivyo hajifunzi kitu. Mohamed Amin, yule Mkenya aliyekulia Dar na picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 zikatikisa dunia, alianzia utotoni na Brownie kuukuu, kiboksi kile. (Huyo huyo aliwahi kufungwa jela hapa Unguja mwaka 1966, karibu mwezi mzima, kwa ajili ya kazi yake. Kwa hiyo na nyie msielekeze lenzi kwenye kambi na vituo vya serikali kwa kisingizio cha sanaa, tafadhali.)

Kuhusu mwanga. Kipima mwanga cha Praktica yangu kimekufa nilisema, na nashukuru kimekufa, maana kimenilazimisha kutumia macho. Kanuni ni ya zamani na ni rahisi: jua likiwa kali na vivuli vina ncha, weka tundu la lenzi kwenye f/16, na shata iwe namba iliyo karibu na kasi ya mkanda. Mkanda wa 200, shata 1/250. Mkanda wa 400, shata 1/500. Basi, hapo umeshapima. Wingu jepesi likipita, fungua tundu hatua moja, f/11. Wingu zito, f/8. Kivuli cha wazi, kama chini ya mwembe, f/5.6 au f/4. Ukiingia kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, kule Hurumzi ambako majumba yamekaribiana mpaka unaweza kumpa jirani chumvi kwa dirishani, weka 1/125 na f/2.8 kwa mkanda wa 200, na ushike pumzi. Chini ya 1/60 mkono utatikisa tu, usijidanganye.

Mkumbuke kanuni hiyo waliiandika watu wa nchi za baridi na kuiandika kwenye maboksi ya mikanda yao. Sisi tuko kama nyuzi 6 tu kusini ya ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri linakaa utosini kabisa. Piga mtu saa sita mchana wakati huo na macho yake yatakuwa mashimo mawili meusi, hata awe mzuri vipi. Na mchanga wa Paje na Bwejuu ni mweupe kiasi kwamba kipima mwanga kinachanganyikiwa. Kinadhani kila kitu ni cha kijivu, kwa hiyo kinauzima mchanga uwe kijivu na uso wa mwenzako unakuwa makaa. Ukiwa na kipima mwanga, sogea mpaka karibu na uso wa mtu, pima hapo, kisha rudi nyuma upige bila kubadilisha. Mkanda wa negativu unasamehe mwanga ukizidi, hausamehe ukipungua.

Hapa nina malalamiko kidogo, mnivumilie. Nyuso zetu kutoka kama makaa si kosa letu peke yetu. Mikanda ya rangi na mashine za kusafishia zilipimwa kwa miaka mingi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, mafundi wakaiita "Shirley". Rangi ikikaa vizuri usoni kwa Shirley, basi mashine imekaa sawa, dunia nzima. Kilichowasukuma Kodak kuboresha rangi za kahawia, kwa mujibu wa watu wao wenyewe waliohojiwa baadaye, ni malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Chokoleti! Kwa hiyo ukipiga ndugu zako, ongeza mwanga hatua moja kuliko kanuni inavyosema. Mie mkanda wa 400 nautumia kama vile ni wa 200, na nyuso zinatoka na maumbo yake.

Mwanga wenyewe mzuri kwetu ni mfupi. Wenzetu wa kaskazini jua lao linazama taratibu, wana jioni ya kutembea nayo. Hapa kuanzia saa kumi na moja jioni unayo kama saa moja na kidogo, adhana ya Magharibi ikitoka ni kiza. Forodhani wakati huo vijana wanajitosa baharini kutoka kwenye ukuta, jua liko mbele yako. Ukitaka waganande hewani, 1/500. Na mchana wa jua la utosini usikae bure, ingia barazani. Ukuta mweupe wa chokaa ulio upande wa pili wa kichochoro ni taa kubwa kuliko taa yoyote ya studio: jua linaupiga, unaurudisha mwanga laini usoni kwa aliyekaa kivulini. Mkalishe mtu mlangoni, ndani kidogo ya kizingiti, atazame nje. Basi. Hakuna flashi itakayokupa hivyo.

Hili la mwanga kuingia kwenye giza ni letu zamani, hata kabla ya kamera. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki Misri mnamo mwaka 1040, alikwishaeleza namna mwanga unavyopita kwenye tundu dogo na kuingia chumba cha giza. Sisi tulijaribu hosteli mwaka wa kwanza. Tukaziba dirisha kwa maboksi, tukatoboa tundu la upana wa penseli, na mnazi wa nje ukaja kusimama ukutani kichwa chini miguu juu, makuti yanapepea. Tulikaa humo kama nusu saa hakuna aliyesema neno. Gharama yake sifuri.

Halafu kuna suala la watu, na hapa ndipo ninapogombana na wengi. Mji wetu umepigwa picha kuliko tunavyojua. A.C. Gomes, Mgoa, alikuwa na studio hapa tangu karne ya 19, wakaja ndugu wa Coutinho na wengine, na kadi zao za posta zilisambaa Ulaya nzima. Ukizitazama utaona wanawake wa Kizanzibari wamesimamishwa mbele ya pazia, na chini yake imeandikwa kabila au "mrembo wa Kiswahili". Jina la mtu hakuna. Kila nikiziona najiuliza huyu alikuwa bibi wa nani, na je, alipewa hata nakala moja? Sasa leo mtu ana mkanda wa bei, anakwenda Darajani, anamlenga mama anayeuza samaki bila salamu, kisha anaondoka. Tofauti yake na kadi zile ni nini?

Upande wa pili kuna Capital Art Studio, barabara ya Kenyatta, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930 baada ya kujifunzia kazi kwenye studio ya Gomes, na mwanawe akaiendeleza. Oza aliwapiga masultani, ndiyo, lakini pia watu wa kawaida walikwenda wenyewe, wamejipamba, wamechagua kukaa wanavyotaka, na wakarudi nyumbani na picha yao mkononi. Mara ya kwanza nilipoingia pale nilikusudia kukaa dakika tano nikakaa mpaka Alasiri. Nilichojifunza kwenye zile kuta si lenzi wala tundu. Watu wale wanakutazama kwa sababu walikubali kutazamwa.

Kwa hiyo desturi yangu ni hii: salamu kwanza, mazungumzo, kisha ombi. Akisema hapana, ni hapana, na usimpige akigeuka. Akisema ndiyo, unamrudishia nakala. Kuna mzee mmoja wa kahawa pale Jaws Corner nilimpelekea picha yake baada ya miezi miwili, akaitazama, akaitia kwenye kofia yake, na tangu siku hiyo kahawa yangu hailipiwi. Sisemi mfanye hivyo kwa ajili ya kahawa, lakini kahawa ni tamu.

Kusafisha mikanda je? Ya rangi mie sijapata mtu wa kunisafishia mjini, naikusanya mpaka apatikane msafiri. Na huyo msafiri abebe mkononi na aombe ikaguliwe kwa macho, maana zile mashine mpya za viwanja vya ndege zinaunguza mkanda. Ndo maana nimehamia nyeusi na nyeupe. Nasafisha mwenyewe, na ni rahisi kuliko kupika pilau. Unapakia mkanda kwenye tangi gizani, giza la kweli, siyo la kuzima taa. Mie najifunika blanketi mbili usiku, natoka jasho kama niko kwenye hamamu ya Kidichi. (Kaka yangu husema tumezaliwa kwa kuchelewa, ule umeme ulipokatika Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kizima kilikuwa chumba cha giza.) Baada ya hapo unaweza kuwasha taa.

Shida yetu ni joto la maji. Dawa imepimwa kwa nyuzi 20, na bomba letu linatoa maji ya vuguvugu kama ya kunawia mtoto. Ukitia hivyo hivyo, picha zinaiva kupita kiasi, nyeupe inakuwa chokaa. Mie nanunua vile vipakiti vya barafu kwa mama jirani, naviweka kwenye ndoo, natumbukiza chupa za dawa humo mpaka kipimajoto kiseme 20. Usitie barafu kwenye dawa yenyewe! Mkanda wa HP5 kwenye D-76 isiyozimuliwa ni dakika 7 na nusu, unatikisa kidogo kila dakika. Kisha maji, kisha dawa ya kugandishia, kisha unaosha sana. Unaanika bafuni ambako hakuna vumbi, na unabandika karatasi mlangoni "USIINGIE", na kuna mtu ataingia tu. Negativu zikikauka unaziweka juu ya kioo cheupe cha kompyuta, uziinue kidogo zisigusane na kioo, unazipiga kwa simu, unageuza rangi. Tayari.

Najua kuna atakayesema, shida yote ya nini, simu si ipo? Kweli. Kwa wengi wenu simu inatosha, na siku ile Makunduchi ningeitoa simu ningekuwa na bibi yangu leo anacheka ukutani. Sikatai. Lakini simu yangu ya kabla ya hii iliibwa kwenye daladala ikiwa na picha elfu mbili na kitu, na hakuna hata moja ninayoikumbuka vizuri. Negativu za mjomba za miaka ya 80 ziko kwenye bahasha, na nikaiinua moja mbele ya dirisha nikaiona Beit el-Ajaib imesimama nzima, na mnara wake, kabla ya ile siku ya Disemba 25, 2020 ilipoporomoka. Mkanda unakaa. Ukiupakia vizuri, lakini.

Sasa nimemwandikia mwenzangu kijikaratasi, nimekiweka juu ya mto wake: Jumapili baada ya Sala ya Alfajiri tunakwenda Malindi bandarini, nina HP5 moja, picha 36, kumi na nane zako, kumi na nane zangu, na kamera ya mjomba utaishika weye kwanza. Pesa yako weka. Amekisoma. Hajasema kitu bado, ila amechukua Praktica mezani na sasa hivi yuko kwenye kona yake anakizungusha kile kitufe cha kushoto, anakitazama.